Kioo, Barafu na Jenerali: Sura ya Taifa na Shinikizo la Umma katika "Kifo na Mwanamwali"

Utangulizi

Makala hii imezaliwa na ubishi. Katika semina yetu ya tamthilia tulikuwa tukijadili Death and the Maiden ya Ariel Dorfman, ambayo humu nitaiita Kifo na Mwanamwali. Mwenzetu mmoja akasimama na kutoa hukumu fupi: mwandishi ameshindwa. Ameibua mgogoro mkubwa, akautia petroli, kisha akatoka mlangoni bila kutupa suluhisho. "Sasa huyu mama alimwua yule daktari au hakumwua? Na kama hakumwua, ukombozi uko wapi?" Darasa zima likacheka. Nami nikacheka, na kwa ubaya zaidi nikamwunga mkono. Nikaongeza la kwangu: kwamba hii ni kazi ya mtu aliyekaa uhamishoni mno, kwamba inaanika aibu za nyumbani mbele ya wageni, na kwamba nchi ndogo ikianikwa namna hiyo mbele ya wakubwa haijengeki.

Nakiri mapema kuwa nimebadili mawazo. Kilichonibadili si nadharia mpya ya uhakiki bali ni kesi. Nilitaka kuthibitisha hoja yangu, nikaanza kusoma habari za Jenerali Augusto Pinochet alivyokamatwa London mwaka 1998, na Hispania ilivyodai apelekwe huko akashitakiwe. Nilidhani nitapata mfano wa wakubwa kuidhalilisha nchi ya Dunia ya Tatu. Nilichokipata ni tamthilia ya Dorfman ikichezwa upya, safari hii bila mwandishi, na wahusika wakiwa na pasipoti.

Hoja yangu basi ni hii. Kesi ile inaifafanua tamthilia kuliko wahakiki wengi walivyoifafanua, na tamthilia nayo inatusaidia kuisoma kesi. Aidha, kasoro ya tamthilia ipo, ila haiko pale alipoiona mwenzetu.

Neno moja kabla sijaendelea. Magazeti yetu hupenda kusema mtuhumiwa "anarejeshwa" katika nchi inayomtaka. Kwa kesi hii neno hilo linapotosha. Pinochet hakuwa Mhispania. Hakuna aliyetaka "kumrejesha" Hispania kana kwamba alitoroka huko. Nitatumia "kukabidhiwa". Tena, kejeli iliyoje! Mwisho wa yote jenerali alirejeshwa kweli, ila alirejeshwa kwao, na huko kurejeshwa ndiko kulikomwokoa asikabidhiwe.

Kisa kwa ufupi

Kwa ambao hawajaisoma, wahusika ni watatu tu. Paulina Salas ni mwanamke wa miaka arobaini hivi, ambaye katikati ya miaka ya 1970 alikamatwa na vyombo vya usalama, akateswa na kubakwa. Gerardo Escobar ni mumewe, mwanasheria, ambaye ameteuliwa punde na Rais kuingia katika tume ya kuchunguza maovu ya utawala wa kijeshi uliopita. Roberto Miranda ni daktari aliyemsaidia Gerardo njiani gari lilipopata pancha. Usiku huo daktari anafika nyumbani kwao kando ya bahari. Paulina, akiwa gizani, anaisikia sauti yake na kuitambua. Ndiye daktari aliyekuwa akimtesa huku akimpigia muziki wa Schubert, ule ambao tamthilia imepata jina lake. Wakati ule alikuwa amefungwa kitambaa machoni, kwa hiyo uso wa mtesaji hakuuona. Anamfunga mgeni kwenye kiti, anashika bastola, anadai akiri.

Sasa zingatia jambo moja ambalo wasomaji wengi hulipita mbio. Tume aliyoteuliwa Gerardo itachunguza kesi zilizoishia katika kifo tu. Paulina hakufa. Kwa hiyo katika nyaraka za taifa jipya, Paulina hayumo. Mumewe atakaa mezani akiandika historia ya nchi, na mke wake mwenyewe hatapata hata mstari mmoja.

Hili si jambo la kubuni. Mwaka 1990 Rais Patricio Aylwin aliunda tume iliyoongozwa na Raúl Rettig, na mwaka 1991 tume ikatoa taarifa iliyohesabu watu 2,279 waliouawa au kupotezwa. Walioteswa wakabaki hai hawakuwa kazi ya tume hiyo. Dorfman aliandika tamthilia yake wakati huohuo, wino wa tume ukiwa haujakauka. Ilipooneshwa Santiago mwaka 1991 ilipokewa kwa ubaridi. London mwaka huohuo ilishangiliwa, na New York ikachezwa mwaka 1992. Kumbe tamthilia ilimtangulia jenerali London kwa miaka saba.

Gerardo na kipande cha barafu

Gerardo si mtu mbaya, na hapa nadhani sisi wanafunzi tulimwonea. Tulimwita msaliti, kibaraka, mwakilishi wa tabaka la kati linalotaka vyeo. Yote hayo yana ukweli wake. Lakini ukisikiliza hoja zake vizuri, ni hoja za mtu anayeogopa kitu cha kweli. Wanajeshi bado wapo. Demokrasia ni changa kama mtoto wa siku arobaini. Mkewe akimwua daktari usiku ule, kesho maadui watasema: mnaona, hawa wanataka kisasi, si haki. Kwa hiyo anamwomba Paulina anyamaze kwa faida ya nchi. Anachokilinda Gerardo ni sura. Anataka taifa lionekane limetulia, limekua, linaweza kumaliza mambo yake kwa adabu.

Chile ya miaka hiyo ilikuwa na haja kubwa ya sura hiyo. Katika Maonyesho ya Dunia ya Seville, Hispania, mwaka 1992, nchi nyingine zilipeleka ngoma, mavazi na picha za majengo. Chile ilipeleka kipande kikubwa cha barafu kilichokatwa baharini kule Antaktika, kikavushwa bahari nzima na kusimamishwa ndani ya banda lao, cheupe pee. Mwanasosholojia wao Tomás Moulian, katika kitabu chake cha mwaka 1997, aliisoma barafu ile kama tunavyosoma jazanda. Ilikuwa ishara ya nchi iliyojisafisha, isiyo na damu wala jasho, iliyoanza upya kama vile haikuwa na jana. Mimi naongeza kwamba barafu ina sifa mbili. Haina harufu, na huyeyuka.

Kwa hiyo tayari tuna vitu viwili. Barafu ni sura ambayo taifa limeichagua. Kioo ni sura ambayo taifa halikuichagua. Na kioo kimo ndani ya tamthilia, kwa maana halisi kabisa. Karibu na mwisho Paulina anamwelekezea Roberto bastola, na kabla hatujajua kama atafyatua, kioo kikubwa kinashushwa mbele ya jukwaa. Watazamaji waliolipa kiingilio wanajiona wenyewe wamekaa. Mwenzetu alisema hapo mwandishi amekimbia swali. Mimi sasa nasema hapo ndipo anapolikabidhi.

London: tamthilia ya pili

Hebu tuione kesi. Usiku wa tarehe 16 Oktoba 1998, Pinochet, aliyekuwa London kwa upasuaji wa mgongo, alikamatwa akiwa kitandani hospitalini. Hati ilitoka kwa jaji wa Hispania, Baltasar Garzón. Ndiyo, Hispania ileile iliyopelekewa barafu. Miaka sita baada ya kutazama kipande cheupe, Wahispania sasa walikuwa wanamtaka jenerali mwenyewe.

Tarehe 25 Novemba, siku aliyotimiza miaka 83, majaji wa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, iliyokuwa wakati ule ndani ya Baraza la Malodi, walisema kwa kura 3 dhidi ya 2 kwamba kuwa mkuu wa nchi zamani si kinga dhidi ya mashitaka ya aina hiyo. Tarehe 17 Desemba uamuzi huo ukafutwa, kwa kuwa jaji mmoja, Lord Hoffmann, alikuwa na uhusiano na Amnesty International, nayo Amnesty iliruhusiwa kutoa hoja katika kesi. Kesi ikasikilizwa upya. Tarehe 24 Machi 1999 wakaamua tena kwa kura 6 dhidi ya 1 kwamba anaweza kukabidhiwa, lakini kwa makosa ya utesaji yaliyofanyika kuanzia mwishoni mwa mwaka 1988 tu, kwa sababu ya tarehe ambayo mkataba wa kimataifa dhidi ya utesaji ulianza kuwafunga wote watatu: Chile, Hispania na Uingereza.

Umeona lililotokea, msomaji? Utawala ule ulianza tarehe 11 Septemba 1973, na miaka yake ya damu zaidi ni ile ya mwanzo. Sehemu kubwa ya mashitaka ikaanguka kama majani makavu. Paulina, aliyeteswa katikati ya miaka ya 1970, amefungiwa mlango kwa mara ya pili. Tume ya nyumbani ilimwambia: hukufa. Mahakama ya ugenini inamwambia: uliteswa mapema mno. Nilipofika hapo nilifunga kitabu kwa muda. Hakuna mtunzi ambaye angethubutu kubuni kejeli kama hiyo. Tungemwambia ametia chumvi.

Na Gerardo je? Naye alikuwepo. Serikali ya Rais Eduardo Frei haikuwa ya marafiki wa Pinochet. Waziri wake wa Mambo ya Nje, José Miguel Insulza, alikuwa msoshalisti ambaye mwenyewe aliishi uhamishoni miaka mingi kwa sababu ya jenerali huyuhuyu. Ndiye aliyetakiwa kusimama mbele ya dunia na kudai arudishwe nyumbani. Hoja yake haikuwa kwamba jenerali ni mtu mwema. Alidai kwamba Chile ni nchi huru, ina mahakama zake, na heshima yake haiwezi kuamuliwa na hakimu wa Madrid. Ukiweka hoja hizo kando ya maneno ya Gerardo sebuleni, huoni tofauti ila ya ukubwa wa chumba.

Hoja hiyo si ya kupuuzwa, hasa na sisi. Sisi wa nchi zilizotawaliwa tunajua vizuri maana ya kuhukumiwa na wakoloni wa jana, na Hispania ilikuwa mkoloni wa Chile. Tena hiyo Hispania yenyewe ilikuwa na Franco wake, na tangu 1977 ilikuwa na sheria ya msamaha iliyofunika maovu ya enzi yake. Garzón huyohuyo alipojaribu mwaka 2008 kuchunguza waliouawa wakati wa Franco, alisimamishwa kazi mwaka 2010 na kufikishwa mahakamani kwa jambo hilo, ingawa mwaka 2012 hakutiwa hatiani kwalo. Nyani haoni kundule. Uingereza nayo ilikuwa na yake: Margaret Thatcher alikwenda kunywa chai na mtuhumiwa mbele ya kamera, akamshukuru kwa msaada wa Chile katika vita vya Falklands vya 1982. Basi ukisema kioo kilishikwa na mikono michafu, sikubishii.

Lakini kioo kinachoshikwa na mikono michafu bado kinaonesha uso. Swali ambalo Insulza hakuweza kulijibu ni jepesi: mahakama hizo za nyumbani zilikuwa zinafanya nini siku zote? Kulikuwa na sheria ya msamaha ya mwaka 1978, iliyotungwa na watawala wenyewe. Kulikuwa na useneta wa maisha, ambao jenerali aliuchukua Machi 1998 mara alipovua magwanda. Kusema "tutamhukumu wenyewe" kulikuja baada ya yeye kukamatwa, si kabla.

Umma uko wapi?

Hapa ndipo naiona kasoro ya tamthilia. Katika Kifo na Mwanamwali hakuna umma. Kuna watu watatu, nyumba ya pwani, simu na usiku. Linganisha na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ambamo watu wamejaa jukwaani, wanaamini, wanashuku, wanasukuma, hata kiongozi mwenyewe hana uwezo wa kulirudisha neno alilolitoa. Dorfman ameufungia umma nje. Mkosaji na mkosewa wanamaliza mambo yao chumbani, na mwanasheria katikati. Kioo cha mwisho ni jaribio la kuuingiza umma kwa mlango wa nyuma, lakini umma ule umekaa kwenye viti, kimya, na tiketi mkononi.

Kesi ya London ilitufundisha kinyume. Huko umma haukukaa. Wachile waliokimbilia Uingereza walisimama nje ya hospitali, nje ya mahakama ya Bow Street, na nje ya nyumba ya kifahari kule Surrey alikozuiliwa jenerali, wakipiga ngoma mchana kutwa katika baridi ya kizungu. Santiago nako wafuasi wa jenerali walijaa barabarani, wakachoma bendera za Uingereza na Hispania. Katika manispaa ya Providencia meya alifikia kuamuru taka za ubalozi wa Hispania zisizolewe. Naam, taka! Taifa lililojionesha kwa barafu safi sasa lilikuwa linajitetea kwa kuacha takataka zinuke mlangoni mwa mgeni.

Wote hao ni umma, na wote walikuwa wanashinikiza. Mwamba ngozi huvutia kwake. Basi mhakiki anayeandika tu kwamba "umma ulidai haki" hajasema kitu, na yule anayesema "mahakama zisisikilize kelele za mitaani" hajasema kitu pia, maana kelele zilikuwa pande zote, na zile za chai na za simu za kiserikali hazisikiki mitaani lakini ni kelele vilevile.

Nimejaribu kutafuta kipimo, na nimekipata katika neno letu wenyewe, "sura". Sura ni uso. Sura ni picha ambayo mtu anataka aonekane nayo. Na sura ni sehemu ya kitabu. Waliochoma bendera walikuwa wanatetea sura moja, ya taifa, ambayo kwao ilikuwa ni uso wa mtu mmoja. Wale wengine, hasa akina mama wa ndugu waliopotea, walikuja na sura nyingi: picha ndogo nyeusi na nyeupe zilizobandikwa vifuani, moja kwa kila aliyechukuliwa asirudi, na swali kwamba wako wapi. Picha dhidi ya picha. Shinikizo la kwanza lilitaka sura ya kitabu ifungwe. Shinikizo la pili lilitaka iandikwe, na kila mtu awemo kwa jina lake. Tofauti haiko katika ukali wa sauti. Ukutanapo na shinikizo lolote linalozungumza kwa jina la nchi, uliza: katika picha hii inayolindwa, nani ametolewa?

Kipimo hiki kinamgeukia hata msanii. Mwaka 1994 tamthilia hii ilifanywa filamu na Roman Polanski, Sigourney Weaver akiwa Paulina na Ben Kingsley akiwa daktari. Kioo kiliondolewa. Badala yake daktari anakiri ukingoni mwa jabali, kwa maneno ambayo mtazamaji anaelekea kuyaamini. Shaka imepungua, na pamoja nayo umepungua uzito uliokuwa umewekwa mabegani mwa watazamaji. Mwongozaji huyo mwaka 1977 alikiri mahakamani Marekani kosa la kufanya ngono na msichana wa miaka 13, na mwaka 1978 akakimbia kabla hajapewa adhabu. Septemba 2009 alikamatwa Zürich ili akabidhiwe. Watengenezaji filamu zaidi ya mia moja, wengine wakiwa majina makubwa kabisa duniani, walitia saini kutaka aachiwe. Mawaziri wa Ufaransa walimtetea. Julai 2010 Uswisi ilikataa kumkabidhi, kwa hoja kwamba Marekani haikutoa kumbukumbu fulani za ushahidi.

Siweki kesi hizi mbili katika mizani moja. Mauaji ya dola ni jambo jingine. Tena yule aliyekosewa, alipokuwa mtu mzima, mwenyewe aliomba kesi ifutwe, na sauti yake lazima isikike. Ninachokiangalia ni ule waraka wa saini. Hapo aliyeshinikiza hakuwa mwanajeshi wala meya mwenye hasira, bali ni sisi: watu wa sanaa, wapenda uhuru. Na waraka ule ulisimama juu ya heshima ya sanaa na ya matamasha yake, kama vile Gerardo anavyosimama juu ya heshima ya demokrasia. Msichana wa miaka 13 hakuwa na nafasi katika picha hiyo. Niliposoma hayo niliona haya, kwa sababu semina ile nilisimama nikasema Dorfman ameanika aibu za nyumbani. Nilikuwa nimetia saini waraka wangu mdogo.

Je, fimbo ya mbali haiui nyoka?

Kuna atakayesema: maneno mengi, lakini kesi yenyewe ilishindwa. Ni kweli. Hakimu wa Bow Street aliamua tarehe 8 Oktoba 1999 kwamba jenerali anaweza kukabidhiwa. Lakini tarehe 2 Machi 2000 Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza, Jack Straw, alimwachia kwa sababu ya afya, baada ya madaktari kusema hawezi kumudu kesi. Siku 503 zikaisha. Kesho yake ndege ilitua Santiago, jenerali akashushwa kwenye kiti cha magurudumu, bendi ya jeshi ikipiga. Mara akainuka! Akamkumbatia mkuu wa jeshi, akatembea, akanyanyua mkongojo kuwapungia watu. Dunia nzima ikaona. Fimbo ya mbali haiui nyoka, wahenga walishasema.

Nakubali, haikuua. Lakini tuangalie kilichofuata. Agosti 2000 Mahakama Kuu ya juu ya Chile ilimvua kinga ya useneta, na Jaji Juan Guzmán akamfungulia mashitaka. Mwaka 2004 tume mpya iliyoongozwa na Askofu Sergio Valech ilitoa taarifa juu ya waliofungwa na kuteswa kwa sababu za kisiasa, na ikawatambua zaidi ya watu 27,000. Waliotambuliwa ni walioteswa wakabaki hai. Yaani akina Paulina. Miaka 14 baada ya tume ya Gerardo kuundwa, mlango uliofungwa ulifunguliwa, na uliofunguliwa ni wa nyumbani. Sidai kwamba London peke yake ilifanya hayo. Watu wa Chile walikuwa wakigonga mlango huo miaka yote. Ninachodai ni kwamba ile hoja ya "tutamhukumu wenyewe", iliyotolewa kama ngao, iligeuka deni. Ukishaliambia taifa jingine mbele ya dunia kwamba mahakama zako zinaweza, huna budi kuzifanya ziweze.

Hata hivyo zilifika nusu ya njia. Kesi ya kwanza ilisimamishwa kwa sababu ya akili yake kuchakaa, nyingine zikafunguliwa, naye akafa tarehe 10 Desemba 2006 bila hukumu yoyote. Basi naye mwenzetu wa semina anaweza kuuliza kama alivyouliza juu ya Paulina: alihukumiwa au hakuhukumiwa? Jibu ni lilelile. Katika onyesho la mwisho la tamthilia, miezi kadhaa baadaye, Paulina na mumewe wako kwenye ukumbi wa muziki. Roberto anaingia, au pengine ni kivuli chake tu. Mwanga haumwambii mtazamaji ni kipi. Anakaa. Muziki wa Schubert unaanza. Tuliita hilo udhaifu wa muundo. Kwa nchi ambayo mtesaji anaweza kupanga foleni nyuma yako dukani, hiyo ni taarifa ya habari.

Hitimisho

Nimejaribu kuonesha mambo matatu. Kwanza, mgogoro wa Kifo na Mwanamwali si wa kisasi na msamaha tu, kama tulivyozoea kuandika kwenye mitihani. Ni mgogoro juu ya sura ya taifa na nani anaruhusiwa kuonekana ndani yake. Pili, kesi ya Pinochet iliuthibitisha mgogoro huo kwa ukubwa ambao jukwaa halikuweza: kina Gerardo wakitetea barafu, wageni wenye doa zao wakishika kioo, na Paulina akiachwa nje mara mbili kabla ya kuitwa ndani. Tatu, mahali tamthilia ilipopungukiwa ni katika kuukalisha umma kwenye viti. Mficha uchi hazai, na aliyewavua Wachile barafu yao hakuwa msanii wala hakimu peke yake, bali watu waliosimama barabarani na picha vifuani hadi mahakama zikaona haya.

Kwa mwenzangu wa semina: uliuliza ukombozi uko wapi. Sikuoni tena kuwa ulikosea kuuliza. Nadhani tulikosea tulipotaka mwandishi atupe jibu ili tukalale. Kama una hoja ya kunirudi, kurasa za toleo lijalo zipo, na nitafurahi ukinikosoa kwa maandishi badala ya kantini.